Mlango wa Shule U Wazi: Mwalimu Yuko Wapi?

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana hapa Musoma ikakata shauri kubwa. Ilisema kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa Tanzania aliyetimiza umri wa kwenda shule awe amepata nafasi darasani. Kabla ya siku hiyo mipango ya nchi ilikuwa imeweka lengo hilo mwaka 1989. Kwa shauri moja, miaka 12 ya kungoja ikafutwa. Hilo ndilo Azimio la Musoma, na sisi watu wa Mara twajivunia kwamba jina la mji wetu limebaki katika historia ya elimu ya nchi hii.

Lakini leo hatukuandika ili kulisifu Azimio. Sifa limekwisha kupata za kutosha. Twaandika kwa sababu jambo linalofanana nalo liko njiani, na wengi wetu tumelala.

Ndugu wanachama, hesabu yenyewe ni hii. Kwa Sera ya Elimu ya 2014, toleo la 2023, elimu ya lazima itakuwa miaka 10, na shule ya msingi itakuwa miaka 6 badala ya 7. Watoto walioingia darasa la tatu Januari 2024 ndio wa kwanza kufuata utaratibu mpya, nao watamaliza darasa la sita mwaka 2027. Walioingia darasa la nne mwaka ule ule wanafuata utaratibu wa zamani, nao watamaliza darasa la saba mwaka huo huo wa 2027. Basi Januari 2028 makundi mawili yatabisha hodi kidato cha kwanza kwa siku moja. Pale walipokuwa wakiingia watoto 100, watakuja 200 au karibu na hapo.

Serikali imelitangaza jambo hili, na madarasa yanahesabiwa. Ni vizuri. Lakini sisi twauliza swali ambalo halikuulizwa kwa sauti ya kutosha mwaka 1974: watoto hao watakapokwisha kukaa, nani atasimama mbele yao?

Kwanza tuwatendee haki wazee wetu. Kuna watu siku hizi wasemao kwamba Azimio la Musoma lilikuwa haraka ya bure, na hutukumbusha kwamba haraka haraka haina baraka. Watu hao wamesahau tulikotoka. Mwaka 1961, tulipopata Uhuru, watoto wapatao 490,000 tu ndio waliokuwa katika shule za msingi nchi nzima. Katika shule za sekondari walikuwamo watoto 11,832, na kati yao waliokuwa kidato cha sita walikuwa 176. Nchi nzima, watu 176! Watoto wa Kizungu walikuwa na shule zao, wa Kihindi zao, na wa Kiafrika zao, mpaka utaratibu huo wa kubagua ulipoondolewa mwaka 1962. Mkoloni hakuwa na haraka hata kidogo. Alikuwa na baraka zake zote, nasi tulikuwa na ujinga wetu.

Watu wa Butiama wanaijua habari hii kuliko wengine. Julius Nyerere, mtoto wa Mtemi Burito, aliingia shule mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 12. Shule hiyo ilikuwa Mwisenge, hapa Musoma, kilomita 40 hivi kutoka kwao. Kutoka Mwisenge alikwenda Tabora, kutoka Tabora Makerere, na baadaye Edinburgh. Aliporudi alifundisha Pugu hata mwaka 1955 alipoiacha kazi ya ualimu kwa ajili ya TANU, lakini jina la Mwalimu halikumwacha mpaka alipozikwa Butiama mwaka 1999. Sasa tujiulize: mwaka ule wa 1934 walikuwa watoto wangapi wa Zanaki, wa Ikizu, wa Majita na wa Bukwaya wenye akili kama yake, ambao hakuna mtu aliyewachukua kuwapeleka Mwisenge? Walichunga ng'ombe, wakazeeka, wakafa, nasi hatutayajua majina yao. Azimio la Musoma lilikataa hasara ya namna hiyo. Ngoja ngoja huumiza matumbo, nao waliokuwa wameumia walikuwa ni sisi.

Wala Mara haikuanza kujifunza mwaka 1974. Tangu mwaka 1968 mikoa ya Ziwa, na Mara ikiwamo, ilikuwa imechaguliwa kwa mpango wa majaribio wa kisomo cha watu wazima uliosaidiwa na UNESCO, makao yake yakiwa Mwanza. Wazee walijifunza kusoma katika vitabu vilivyozungumza habari za pamba, za uvuvi na za matunzo ya nyumba, yaani mambo waliyokuwa wakiyafanya kila siku. Mkulima alisoma habari za kupanda pamba jioni, na asubuhi akaenda shambani kujaribu. Wakati wa hesabu ya watu ya mwaka 1967, karibu watu wazima 7 katika kila 10 nchini hawakujua kusoma. Katika mtihani wa kisomo wa taifa wa mwaka 1975 hesabu hiyo ilishuka hata 39 katika 100, na mwaka 1986 ikawa chini ya 10 katika 100. Kazi hiyo ilifanywa na wananchi wenyewe. Aliyejua alimfundisha asiyejua, darasa likiwa chini ya mwembe au katika ghala ya chama cha ushirika.

Basi nia ilikuwa safi, na matunda yalionekana. Mwaka 1974 shule za msingi zilikuwa na watoto wapatao milioni 1.2. Miaka ya 1970 ilipokuwa ikimalizika walikuwa zaidi ya milioni 3. Nchi chache maskini zimepata kufanya hivyo.

Sasa tuseme na kosa, kwa maana chama kisichojikosoa hakina haki ya kuwakosoa wengine. Madarasa yalijengwa kwa nguvu za wananchi, nayo yalijengeka. Madawati yalitengenezwa, na yaliyokosekana watoto walikalia matofali. Lakini mwalimu hafyatuliwi kama tofali. Walimu walikuwa hawatoshi, basi wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa kazi huko huko vijijini, kwa muda wakisoma na kwa muda wakifundisha, redio na masomo ya posta yakiwasaidia. Wananchi wakawaita walimu wa UPE. Wengi wao walikuwa watu wema, wenye moyo, na wako watu wakubwa leo waliofundishwa herufi ya kwanza na vijana hao. Hatuwacheki. Aliyewapeleka vitani bila silaha ndiye wa kuulizwa.

Kisha ikaja shida ya miaka ya 1980. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekula fedha, mafuta yalipanda bei, na mazao yetu yalishuka bei. Hapa Mara tulipata pigo letu wenyewe. Baada ya vita ile bunduki zilienea, na wizi wa ng'ombe, uliokuwa wa mikuki na mishale, ukawa wa risasi. Ng'ombe ndiye benki ya mtu wa Mara. Mji ulioamka asubuhi zizi li tupu ulikuwa umepoteza maziwa, mahari na sare ya shule kwa usiku mmoja. Mwaka 1984 ada ikarudishwa. Chaki zikawa hazipatikani, mwalimu akawa hapati mshahara kwa wakati, naye akatafuta shamba au duka la kumsaidia kuishi. Watoto wakaanza kupungua shuleni mwaka hata mwaka. Mlango tuliokuwa tumeufungua kwa fahari ulijifunga taratibu, bila azimio lo lote.

Ukafunguliwa tena. Ada ya shule za msingi iliondolewa mwaka 2001, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, ukaanza 2002. Watoto waliokuwa kama milioni 4.4 mwaka 2000 wakazidi milioni 7 mwaka 2005. Tangu mwaka 2004 ukaja mpango wa sekondari, na shule za kata zikaota kila mahali. Walimu wakakosekana tena, na tena ikafanywa haraka: vijana waliomaliza kidato cha sita walipewa mafunzo ya majuma machache wakapelekwa darasani. Wananchi, ambao hawakosi jina la kukipa kitu, wakawaita voda fasta. Toka UPE hata voda fasta ni miaka 30, na kosa ni lile lile. Januari 2016 ada ikaondolewa mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 mpaka kidato cha sita. Tulishangilia, na ilistahili kushangiliwa.

Lakini tulivuna nini? Mwaka 2010 utafiti wa Uwezo ulianza kupita majumbani kuwapima watoto. Ulionyesha kwamba wengi wa watoto wa darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi ya Kiswahili iliyoandikwa kwa kiwango cha darasa la pili. Watoto hao walikuwa wameandikishwa. Walikuwa na sare. Katika taarifa zetu za mikutano tulikuwa tumewahesabu kuwa ni ushindi. Kumbe tulihesabu vichwa vilivyoingia mlangoni, hatukuhesabu kilichoingia vichwani. Serikali iliona hatari hiyo, na mwaka 2015 masomo ya darasa la kwanza na la pili yakapunguzwa ili mkazo uwe katika Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Hiyo ilikuwa hatua njema. Hata hivyo KKK nayo haifundishwi na ukuta.

Hili ndilo neno letu la leo, ndugu wasomaji, na lisisahauliwe: shule ni mwalimu. Nyumba yenye madawati lakini haina mwalimu ni ghala la watoto. Mwalimu mwenye watoto chini ya mti ana shule, ijapokuwa haina paa.

Nani mwenye ushahidi wa neno hili? Ni watu waliosomesha watoto wao wakati wa vita. Nao hatuna haja ya kuwatafuta mbali, kwa kuwa wengi wao walisomea katika ardhi yetu. FRELIMO ilipoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, haikungoja kupata Uhuru ndipo ifungue shule. Mwaka uliofuata Chuo cha Msumbiji kilifunguliwa pale pale Dar es Salaam kwa ajili ya vijana waliotoroka kwa Wareno. Vita vilipoanza mwaka 1964, katika sehemu zilizokombolewa watoto walisoma msituni wakijificha na ndege za adui, na aliyemaliza darasa la nne alimfundisha wa darasa la pili. Wenzetu wa Afrika Kusini nao, baada ya watoto wa Soweto kupigwa risasi mwezi Juni 1976, walipewa shamba la zamani la mkonge huko Mazimbu, Morogoro. Wakajenga shule, wakaipa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu mwaka 1979. Mwaka 1992 waliikabidhi kwa Tanzania wakarudi kwao, na leo majengo yale ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine.

Hata sasa, katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996, watoto wa Kikongo wanasomeshwa masomo ya nchi yao, na wengi wa wanaowafundisha ni wakimbizi wenzao. Madarasa hayatoshi, na wengine wamesomea chini ya miti. Mzazi aliyekimbia na mtoto mgongoni, aliyepoteza nyumba na mifugo, bado anamwamsha mtoto asubuhi kwenda darasani. Anajua kwamba mtoto asiyejua kusoma ni rahisi kupewa bunduki.

Basi sisi, tulio na amani, tuna udhuru gani?

Tuitazame Mara yenyewe. Mwalimu kijana amepangiwa kufundisha katika kijiji cha pwani ya ziwa, wilaya ya Bunda. Anashuka garini na sanduku lake. Nyumba ya mwalimu hakuna. Anapanga chumba kimoja, maji anayanunua kwa ndoo wakati ziwa liko mbele ya macho yake, na ana watoto zaidi ya 100 katika chumba kimoja. Mwenye hisabati hana mwenzake wa kusaidiana, kwa maana walimu wa hisabati na sayansi ni adimu mno. Baada ya mwaka mmoja anaandika barua ya kuomba uhamisho. Sisi twasema walimu wa siku hizi hawana moyo. Je, kijiji kilimwonyesha moyo gani? Mgeni wa siku mbili twamchinjia kuku, na mgeni aliyekuja kuwafundisha watoto wetu tumemwacha atafute pa kulala.

Na watoto nao wanavutwa kila upande. Usiku usio na mbalamwezi taa za wavuvi wa dagaa huonekana ziwani kama mji mwingine, na katika mitumbwi ile wamo vijana ambao kesho yake wangepaswa kuwa darasani. Huko Buhemba mawe ya dhahabu huwaita wengine. Wakati wa masika ng'ombe hutaka mchungaji, na mchungaji wa bei rahisi ni mtoto. Hatusemi kwamba kazi ni mbaya. Mwaka 1967 Mwalimu alifundisha, katika Elimu ya Kujitegemea, kwamba shule na kazi ni ndugu. Lakini kazi ya mtoto anayesoma ni jambo moja, na kumwibia mtoto shule ili mtu mzima apate faida ni jambo jingine.

Liko na jambo la watoto wa kike, nalo tutalisema wazi ingawa litawakasirisha wengine. Desemba, shule zifungwapo, kwa watoto wengi ni mwezi wa kupumzika. Kwa baadhi ya wasichana wa Mara ni mwezi wa hofu. Sheria ilikataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 tangu mwaka 1998. Hata hivyo utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba zaidi ya mwanamke mmoja katika kila wanne wa mkoa wetu amekeketwa. Wako wasichana wanaotoroka usiku na kukimbilia nyumba salama zilizofunguliwa Butiama na Mugumu. Fikirini, ndugu: mtoto wa nchi huru, nchi isiyo na vita, anakuwa mkimbizi katika wilaya ya baba yake! Akishakeketwa huhesabiwa kuwa mtu mzima, huozwa kwa ng'ombe, na Januari kiti chake darasani ni kitupu. Mwalimu huita jina lake mara tatu, kisha hukata mstari mwekundu.

Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu msichana aliyepata mtoto arudi shuleni. Ruhusa hiyo haina nguvu kama wazee wa kijiji hawataki. Na wazee wa kijiji ni nani? Wengi wao ni wanachama wa Chama chetu, wenye kadi mfukoni. Hapa hatuwezi kumlaumu mkoloni.

Wako wengine watakaosema: "Kazi hizi ni za Serikali. Elimu ni bure." Tujibu kwa utaratibu. Kilichoondolewa ni ada. Wajibu wa mzazi haukuondolewa. Serikali ina wajibu wake, nasi hatutauficha: kuajiri walimu, kuwalipa kwa wakati na kuwapeleka wanakohitajika. Nchi hii ina walimu wengi waliohitimu ambao wamekaa nyumbani bila ajira, na wakati huo huo ina shule zinazolia walimu. Jambo hilo halieleweki kwa mwananchi wa kawaida, na Chama kina haki na wajibu wa kuiuliza Serikali yake mpaka lieleweke. Chama kisichouliza kimegeuka kwaya.

Lakini mambo ambayo kijiji chaweza kuyafanya tusiyapeleke Dodoma. Kwa hiyo twatoa shauri kwa kila tawi la Musoma, Bunda na Butiama, na kwa mkoa mzima, yafanyike kabla ya Januari 2028.

Kwanza, nyumba ya mwalimu. Kila kijiji chenye shule kijenge angalau nyumba moja nzuri ya mwalimu kabla ya kuongeza darasa jingine. Mawe Musoma na Butiama tunayo mpaka yanatuzuia kulima. Mchanga tunao. Kiangazi cha Juni mpaka Septemba ni wakati wa kufyatua matofali na kusomba mawe. Baba zetu walijenga madarasa ya mwaka 1977 kwa mikono yao, nasi hatukuzaliwa na mikono mifupi kuliko yao.

Pili, daftari la shina. Balozi wa kila shina aandike watoto wote wa nyumba zake: nani yuko shuleni, nani hayuko, na katika walioko, nani awezaye kusoma barua na nani asiyeweza. Kazi hiyo ni ya jioni mbili tu. Mwenye kuijua hesabu ya ng'ombe wake hashindwi kuijua hesabu ya watoto. Na hapo hatutadanganyana tena kwa idadi ya walioandikishwa.

Tatu, chakula. Mtoto aliyetembea kilomita 6 bila kitu tumboni hasikii hisabati. Wakati wa mavuno kila mzazi atoe kipimo cha mahindi au muhogo kitakachokubaliwa katika mkutano mkuu wa kijiji, na wavuvi watoe dagaa. Asiyeweza asamehewe, wala mtoto asifukuzwe kwa sababu ya debe la mzazi. Tusirudishe ada kwa mlango wa nyuma.

Nne, Desemba. Kila balozi awajibike kwa wasichana wa shina lake tangu shule zifungwapo mpaka zifunguliwapo. Kiongozi wa Chama atakayeonekana katika sherehe ya kukeketa, au atakayepokea ng'ombe wa mahari ya mwanafunzi, afikishwe mbele ya vyombo vya sheria, nasi tusimtetee kwa kuwa ni mwenzetu.

Tano, maswali. Diwani akija kuhutubia, asiulizwe habari za barabara peke yake. Aulizwe kata yetu ina walimu wangapi wa hisabati, wangapi wanahitajika mwaka 2028, na barua ya kuwaomba iliandikwa lini. Aonyeshe nakala.

Tukifanya hayo, Mara itakuwa na bahati ambayo mikoa mingine itaionea wivu. Utaratibu mpya wa elimu una mkondo wa amali, yaani mtoto kujifunza kazi ya mikono pamoja na masomo. Mkoa gani unaufaa mpango huo kuliko huu wetu? Tuna ziwa, tuna pamba, tuna ng'ombe, tuna dhahabu. Tuna Chuo cha Ualimu hapo Bunda. Tuna Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia kilichopewa jina la Mwalimu huko Butiama. Mtoto wa mvuvi aweza kujifunza kuutunza ziwani uzazi wa samaki badala ya kuumaliza. Lakini amali nayo yataka mwalimu anayeijua amali. Karakana isiyo na fundi wa kufundisha itakuwa ghala jingine, na cherehani zitaota kutu kama zilivyoota kutu mashine nyingi za zamani.

Ndugu zetu, Azimio la Musoma lilikuwa ahadi kwa watoto. Nusu yake ilitimizwa: mlango ulifunguliwa. Nusu ya pili, ya kumweka mtu aliyeandaliwa vizuri mbele ya kila darasa na kumtunza asikimbie, ni deni. Waliokata shauri lile mwaka 1974 wengi wao wamekwisha kufariki. Deni halikufariki pamoja nao. Tumelirithi sisi, kama tulivyorithi mashamba na majina yao.

Watoto wa darasa la sita na wa darasa la saba watakapokutana Januari 2028 hawatatuuliza tuliimba nini katika mikutano. Wataingia darasani, watakaa, watafungua madaftari, na watatazama mbele. Tusiwaache waangalie ubao mtupu.

Haya, shime wananchi! Wazee wetu walifungua mlango. Zamu yetu ni kumwingiza mwalimu.

Uhuru na Kazi!